Nina data ya maduka 214, lakini msimamizi ameikataa regresheni yangu

Ndugu washauri,

Nasoma mwaka wa pili wa shahada ya uzamili ya usimamizi wa biashara, Dar es Salaam. Tasnifu yangu inauliza kama programu ya simu ya kuagizia bidhaa inaongeza mauzo ya maduka ya rejareja. Data nimepewa na msambazaji mmoja wa unga, sukari, mafuta ya kula na sabuni. Ni maduka 214 katika kanda 9 za usambazaji, kwa miezi 18. Programu ilifunguliwa katika kanda 3 mwezi wa 7, kanda nyingine 3 mwezi wa 12, na kanda 3 za mwisho zilikuwa bado hazijafikiwa data inapoishia. Kanda ikishafunguliwa, mwenye duka anajiunga akipenda. Karibu 6 kati ya kila 10 wamejiunga.

Nilichukua mwezi wa 18 peke yake, nikafanya regresheni, yaani nikatafuta uhusiano wa logi ya mauzo na kujiunga, nikiongeza umri wa duka, elimu ya mwenye duka na kama ana simu janja. SPSS, mfumo wa takwimu wa kompyuta, ilinipa koefishenti ya 0.38, thamani ya p chini ya 0.001 na R-mraba ya 0.27. Nikaandika kwamba programu inaongeza mauzo kwa asilimia 38. Msimamizi wangu aliandika pembeni neno moja tu: "Endojeniti!" Mhadhiri mwingine akanishauri niongeze vigeu, yaani vipimo vingine vya duka. Nilipoongeza idadi ya oda kwa mwezi, 0.38 ikaporomoka hadi 0.04. Maduka 17 yenye miezi ya sifuri niliyaondoa, kwa kuwa logi ya sifuri haipo.

Darasani tulifundishwa matriksi na uthibitisho wa kanuni, na mtihani nilifaulu. Lakini nikikaa mbele ya data yangu sijui pa kuanzia. Nimebakiza miezi minne. Nisome nini, na je, kazi hii inaokoleka?

Mwanafunzi, Dar es Salaam

Ndugu mwanafunzi,

Inaokoleka, na vizuri. Una kitu ambacho wanafunzi wengi wa biashara hawapati: data ya maduka yale yale kwa miezi 18, na huduma iliyofunguliwa kwa awamu. Umeiacha miezi 17 ukabaki na mmoja, na hapo ndipo jibu lilipopotea.

Tuanze na neno la msimamizi wako, endojeniti. Anachokuuliza ni hiki: waliojiunga ni akina nani, na kwa nini wao? Mwenye duka mwenye bidii, anayeweka hesabu vizuri na mwenye mtaji wa kuzungusha, ndiye anayejiunga mapema. Huyo huyo angeuza zaidi hata kama programu isingekuwepo. Koefishenti yako ya 0.38 imebeba mchango wa programu na mchango wa bidii kwa pamoja, na hakuna kitufe cha SPSS kitakachovitenganisha. Thamani ndogo ya p haisaidii hapa. Inasema tofauti kubwa kama hii kati ya makundi mawili ni nadra kutokea kwa bahati nasibu tu. Haisemi imesababishwa na nini.

Jambo hili usilikubali kwa sababu tumesema sisi. Litengeneze mwenyewe kwenye kompyuta, kazi ya nusu saa. Pakua R, lugha ya kompyuta ya takwimu, ambayo ni ya bure. Unda maduka 200 ya kubuni. Kila duka lipe namba ya "bidii" kutoka mgawanyo wa kawaida wenye wastani 0 na mchepuko sanifu 1. Duka lijiunge iwapo bidii yake, ukijumlisha namba nyingine ya nasibu ya aina hiyo hiyo, inazidi sifuri. Kisha logi ya mauzo iwe 14.5 (ambayo ni kama shilingi milioni 2), jumlisha 0.10 kwa aliyejiunga, jumlisha 0.5 mara bidii, jumlisha nasibu kidogo. Wewe unajua ukweli ni 0.10, kwa sababu umeuweka mwenyewe. Sasa fanya regresheni ya mauzo kwa kujiunga bila kuweka bidii. Utapata namba inayozunguka 0.66. Rudia na maduka 20,000: bado ni 0.66, ila sasa kosa sanifu (kipimo cha kuyumba kwa makadirio) limekuwa dogo sana, yaani unakosea kwa uhakika zaidi. Hapo utakuwa umeielewa endojeniti kuliko kwa sura nzima ya matriksi. Kila njia tunayoitaja hapa chini ijaribu kwanza kwenye data ya kubuni ambayo jibu lake unalijua. Hakuna namna ya kujifunza ekonometriki, yaani takwimu za uchumi, iliyo fupi kuliko hiyo.

Ushauri wa kuongeza vigeu ni mzuri pale tu kigeu kinapokuwa kimekuwepo kabla ya programu: umri wa duka, elimu, mtaji wa mwanzo. Idadi ya oda ni kitu kingine kabisa. Programu inafanya kazi kwa njia ya oda: mtu anaagiza mara nyingi zaidi, ndiyo maana mauzo yanapanda. Ukiidhibiti idadi ya oda, unauliza programu inaongeza nini ikiwa haibadilishi uagizaji, na jibu lazima liwe karibu na sifuri. Kuporomoka hadi 0.04 hakukuonyesha kwamba programu haifai. Kiondoe kigeu hicho. Simu janja nayo ichunguze: kama wapo walionunua simu ili wajiunge, ina kasoro ile ile.

Kuna kasoro nyingine ambayo msimamizi hakuiandika, nasi tunaiona kubwa kuliko zote. Data yako inatoka kwa msambazaji. Haionyeshi mauzo ya duka. Inaonyesha manunuzi ya duka kutoka kwa msambazaji huyo. Mwenye duka aliyekuwa akichukua sukari kwa watu wawili, sasa akaichukua yote kwa msambazaji huyu kwa sababu ya programu, ataonekana "amekua" ilhali kwenye kaunta yake hakijabadilika kitu. Kwa msambazaji hilo ni faida halali na linastahili kupimwa. Lakini kichwa cha tasnifu lazima kibadilike: "athari ya programu ya kuagizia kwa manunuzi ya maduka kutoka kwa msambazaji". Badilisha sasa, kabla mtahini wa nje hajakubadilishia.

Sasa tuje kwenye data yenyewe. Maduka 214 mara miezi 18 ni safu 3,852. Hesabu safu zako. Zikipungua, ni dalili kwamba mfumo wa msambazaji hauandiki sifuri. Mwezi ambao duka halikuagiza, safu yake haipo kabisa. Tengeneza gridi kamili ya kila duka na kila mwezi, uijaze sifuri pale duka lilipokuwa wazi lakini halikuagiza, na uache tupu pale ambapo duka lilikuwa halijafunguliwa au limeshafungwa kabisa. Tofauti hiyo utaipata kwa maofisa mauzo wa kanda, si kwenye kompyuta. Maduka 17 uliyoyaondoa yarudishe. Ukiondoa wenye miezi mibaya, unabaki na waliofanikiwa, na kama programu inapunguza miezi ya sifuri, umetupa sehemu ya jibu lenyewe. Usijaribu pia kuongeza 1 kabla ya kuchukua logi. Koefishenti itakayotoka itategemea kama umeandika kwa shilingi au kwa maelfu ya shilingi, na hakuna mtahini atakayekubali matokeo yanayobadilika kwa kufuta sifuri tatu. Tumia regresheni ya Poisson yenye athari za kila duka na kila mwezi. Inapokea sifuri, na koefishenti yake inasomwa kwa asilimia kama ile ya logi.

Tukizungumzia kusoma: 0.38 ya logi si asilimia 38. Ni namba e (karibu 2.718) kwa kipeo cha 0.38, toa 1, yaani asilimia 46. Kwa namba ndogo kama 0.05 tofauti haionekani, ikivuka 0.10 ifanyie hesabu kila mara.

Kabla ya regresheni yoyote, chukua karatasi. Usilinganishe waliojiunga na wasiojiunga. Linganisha kanda zilizofunguliwa na kanda zisizofunguliwa, kwa sababu mwenye duka hakuchagua kanda yake ifunguliwe lini. Tuseme, kwa mfano tu, duka la kanda za awamu ya kwanza lilinunua wastani wa shilingi milioni 2.10 kwa mwezi kabla, na milioni 2.46 baada. Kanda ambazo hazijafikiwa zilitoka milioni 1.90 hadi 2.05 katika miezi hiyo hiyo. La kwanza limepanda 0.36, la pili 0.15. Tofauti ya tofauti ni 0.21, yaani shilingi 210,000 kwa duka kwa mwezi. Hiyo 0.15 ndiyo inayosimama badala ya kile kisichoonekana: awamu ya kwanza ingefika wapi bila programu.

Mazoezi bora ya hesabu hii ni utafiti wa wanauchumi David Card na Alan Krueger uliochapishwa mwaka 1994. Aprili 1992 jimbo la New Jersey, Marekani, lilipandisha kima cha chini cha mshahara kutoka dola 4.25 hadi 5.05 kwa saa, na jimbo jirani la Pennsylvania halikupandisha. Walikusanya takwimu za migahawa 410 ya vyakula vya haraka kabla na baada. New Jersey ajira kwa mgahawa ilitoka 20.44 hadi 21.03, Pennsylvania ikatoka 23.33 hadi 21.17. Tofauti ya tofauti ikawa ajira 2.76 kwa mgahawa (namba hizi zilizokadiriwa zinatoa 2.75), kinyume na matarajio kwamba ajira ingeanguka. Data yao inapatikana bure mtandaoni. Irudie mpaka upate namba zao, halafu ndipo uguse yako.

Dhana inayobeba mzigo wote ni kwamba bila programu kanda hizi zingekwenda sambamba. Hapa kazi ya kwanza ni ya miguu. Nenda kwa meneja wa mauzo umuulize: mlianza na kanda hizi kwa sababu gani? Akisema kwa sababu ziko karibu na ghala, una matumaini. Akisema kwa sababu ndiko soko lilikokuwa linakua kwa kasi, dhana imeyumba, na ni afadhali ulijue sasa. Kisha chora wastani wa kila awamu, mwezi kwa mwezi, kwa miezi 6 ya mwanzo. Mistari isiwe na urefu sawa, iwe na mwelekeo sawa. Fanya pia jaribio la uongo: tumia miezi 6 hiyo tu, ujifanye programu ilianza mwezi wa 4. Ukipata "athari" mahali ambapo programu haikuwepo, usiendelee mpaka ujue imetoka wapi.

Angalia na Ramadhani iliangukia mwezi gani. Unga, sukari na mafuta hupanda, na hazipandi sawa kila kanda. Athari za mwezi kwenye regresheni huondoa kile tu kilichozipata kanda zote kwa pamoja. Uliza vilevile kama kuna maduka ya kanda isiyofunguliwa yanayoagiza kwa kupitia jamaa wa kanda ya jirani. Dar es Salaam hilo si la kushangaza, na likiwepo linapunguza tofauti unayoipima.

Ukimaliza hayo, regresheni yenyewe ni mstari mmoja wa R, kwa kifurushi cha fixest:

fepois(manunuzi ~ imefunguliwa | duka + mwezi, cluster = ~kanda)

Kigeu "imefunguliwa" ni 1 kwa kila duka la kanda iliyofunguliwa, kuanzia mwezi ilipofunguliwa, awe amejiunga au hajajiunga. Sehemu ya "duka" inaondoa kila kisichobadilika kuhusu duka katika miezi 18: mahali lilipo, elimu ya mwenyewe, na ile bidii iliyokuwa ikikusumbua, kwa kadiri isivyobadilika. Ndiyo maana umri wa duka na elimu havitaonekana tena kwenye jedwali. Usiogope, havijasahaulika.

Matokeo hayo ni athari ya kufunguliwa, na kwa msambazaji anayefikiria kanda tatu zilizobaki ndiyo namba anayoihitaji. Ukitaka athari kwa aliyejiunga, gawanya kwa sehemu ya waliojiunga: 210,000 gawanya kwa 0.6 ni 350,000. Hiyo ni instrumenti (kitu cha nje kinachomsukuma mtu kujiunga) katika umbo lake rahisi kabisa, na inasimama iwapo tu kufunguliwa kulimgusa mwenye duka kwa njia ya kujiunga peke yake. Kama kanda zilizofunguliwa zilipewa pia punguzo la bei au pikipiki mpya za kusambaza, gawanyo hilo halifai, na hata athari ya kufunguliwa itabidi uiite athari ya mfuko mzima.

Awamu zako mbili zina mtego. Regresheni ya pamoja inazilinganisha kanda za awamu ya pili si na zile ambazo hazijafikiwa tu, bali pia na za awamu ya kwanza ambazo tayari zina programu. Kama athari katika awamu ya kwanza bado inakua, ukuaji huo unahesabiwa kana kwamba ni mwendo wa kawaida na kutolewa kwenye jibu. Matokeo yanapungua, na mara nyingine hugeuka ishara. Kwa ukubwa wa data yako suluhisho ni jepesi. Fanya malinganisho mawili tofauti: awamu ya kwanza dhidi ya kanda 3 zisizofikiwa, kisha awamu ya pili dhidi ya kanda hizo hizo. Baadaye ukitaka kuziunganisha, kifurushi cha R kiitwacho did, kinachofuata njia ya Callaway na Sant'Anna ya mwaka 2021, kinafanya hivyo.

Hapa ndipo tasnifu nyingi huangukia, kwa hiyo tusikilizane. Una safu 3,852, lakini maamuzi ya kufungua yalikuwa 9. Maduka ya kanda moja yanapata mvua moja, barabara moja, ofisa mauzo mmoja. Ukihesabu kila safu kama ushahidi unaojitegemea, kosa sanifu linakuwa dogo mno. Wanauchumi Bertrand, Duflo na Mullainathan walionyesha mwaka 2004 kwamba sheria za kubuni, zisizokuwepo kabisa, zinaweza kutoa "athari" yenye thamani ya p chini ya 0.05 hadi asilimia 45 ya mara, badala ya asilimia 5. Kwa hiyo makosa sanifu yapangwe kwa klasta, yaani makundi, za kanda. Lakini klasta 9 ni chache, na hata kanuni ya klasta inahitaji nyingi zaidi ili iaminike. Njia unayoweza kuieleza mbele ya jopo bila kutetemeka ni hii: kanda 9 zinaweza kugawanywa katika awamu tatu za kanda tatu tatu kwa namna 1,680. Mwambie R azipitie zote, kila mara akikadiria athari kana kwamba mpangilio huo ndio uliotumika. Kama makadirio yako halisi yamezidiwa ukubwa na mipangilio 400 kati ya 1,680, thamani yako ya p ni karibu 0.24, na hivyo ndivyo utakavyoandika. Kumbuka kueleza kwamba kanda hazikuchaguliwa kwa kura, kwa hivyo jaribio hili linapima tu kama matokeo yako si ya kawaida, halithibitishi usambamba.

Ukihofia kwamba namba haitakuwa na nyota (alama ya umuhimu wa kitakwimu kwenye jedwali), ripoti masafa yake. Tuseme athari ni 0.09, na masafa ya uhakika wa asilimia 95 ni kutoka -0.03 hadi 0.21. Andika kwamba data inaruhusu kushuka kwa asilimia 3 na inaruhusu kupanda kwa asilimia 23, kisha ulinganishe na gharama ya msambazaji kwa kila duka. Meneja atakayesoma sentensi hiyo anaweza kuamua kitu. Akisoma "haina umuhimu wa kitakwimu" hawezi.

Kuhusu kusoma, usianze kitabu upya kutoka sura ya kwanza. Wiki mbili za mwanzo zipe data ya kubuni na Card na Krueger. Wiki ya tatu na ya nne ni za gridi ya safu 3,852 na mazungumzo na maofisa wa kanda, usizifupishe. Kisha soma makala moja kwa kalamu mkononi: ile ya William Jack na Mkenya Tavneet Suri ya mwaka 2014 kuhusu M-Pesa, iliyoanza Kenya Machi 2007. Shida yao ilikuwa ni yako, kwamba watumiaji si sawa na wasiotumia. Tazama walivyozifuata kaya zile zile kwa muda na walivyotumia kusambaa kwa mawakala, hadi wakaonyesha kwamba kaya isiyotumia, ikipatwa na pigo kama ugonjwa, matumizi yake hushuka kwa asilimia 7, na ya mtumiaji hayashuki. Kila jedwali liulize: wanalinganisha nani na nani? Mwezi wa pili fanya uchambuzi, wa tatu andika, wa nne uache kwa ajili ya msimamizi. Mpelekee kwanza mchoro wa miezi 6 ya mwanzo na jedwali lenye zile namba nne za kabla na baada, ukurasa mmoja tu. Akiridhika na ulinganisho, yatakayofuata ni marekebisho.

Na wiki hii hii, pata barua ya msambazaji inayokuruhusu kutumia data na kuichapisha ndani ya tasnifu. Futa majina na namba za simu za wenye maduka, ubaki na namba ya duka na kanda. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeanza kutumika tangu Mei 2023, na kamati ya maadili ya chuo inaweza kukuomba barua hiyo kabla haijagusa sura yako ya tatu.